Jino la Kukazia Mafundo

Harufu ile niliijua kabla daktari hajainama vizuri. Nilikuwa nimelazwa kwenye kiti chake, miguu juu kuliko kichwa, kinywa kimefunikwa kipande cha mpira wa kijani chenye tundu moja, na kwenye tundu hilo limechomoza jino langu peke yake kama kisiki shambani. Kusema siwezi, kutema siwezi. Ganzi walinichoma kwenye fizi, lakini puani hawakunichoma. Kitu cha baridi kikapita ndani ya jino, harufu ikapanda.

Jiki. Ile ya kung'arishia mashuka.

Mwaka wa kipindupindu, watu walipofurika kule mpakani wakikimbia vita kwao, nilipata kibarua cha kubeba maji kambini. Dawa yenye harufu hiyohiyo ilipuliziwa kila kitu: vyoo, mitumbwi, mikono yetu, mikeka ya waliokufa. Tangu hapo mimi sifui nguo kwa jiki, na mtu akiosha sakafu kwa jiki nahamia nje. Sasa huyu ananitia jinoni.

Nikamtazama usoni kwa chini. Daktari Sia, mtu wa Moshi, kaletwa Kigoma na kazi, hajamaliza hata miaka miwili. Bomba la sindano alilishika kwa vidole viwili na kulisukuma polepole mno, tone, tone, anasimama, anavuta nyuma kidogo, anasukuma tena. Kila mara alichukua visindano vyembamba vyenye mikunjo, akavipima kwenye rula ndogo ya chuma, akachokonoa ndani ya jino, akarudi kwenye bomba. Nikasema moyoni, mtu mwenye dawa halali haogopi dawa yake. Huyu anaiogopa.

Jino lenyewe si la kutafunia. Ni la mbele, juu, upande wa kushoto. Mimi ni fundi nyavu. Nyavu zikichanika kwenye mawe au zikiliwa na panya ghalani, mimi ndiye ninayeitwa. Mafundi wengine hukaza fundo kwa mkono, na fundo la mkono likilowa hulegea. Mimi nafunga, nauma ncha ya uzi, nazungusha kichwa mara moja, tk, fundo limekaa, na mkono wa kulia tayari umeshaanza lingine. Kutoka Kibirizi hadi Kirando, na ng'ambo Kalemie, wenye nyavu wananijua kwa sauti hiyo. Kule Ilagala wapo wazee vibogoyo wanaokaza kwa kidole gumba cha mguu, wamekaa chini kama watoto wanaocheza na matope. Nimewacheka miaka mingi.

Kwa hiyo jino hilo ndilo lililonilisha na ndilo lililonitembeza. Nikilikosa, mwisho wangu ni chumba cha Recho.

Recho ni binti yangu, wa pekee aliyebaki. Anauza dagaa sokoni, amejenga Gungu. Chumba alichonitengea amekipaka rangi ya maziwa, ameweka kitanda, ameweka neti, na ukutani ametundika picha ya marehemu mama yake inayotazama kitanda moja kwa moja. Kila nikija kumsalimia hunionyesha chumba hicho upya kana kwamba sijawahi kukiona. Nalala usiku mmoja, mbili, kisha nasikia honi ya boti nachukua mfuko wangu.

Safari hii nilikuja fizi imevimba kama nimebana embe. Ziwa lilikuwa limefungwa, ile miezi ambayo serikali huzuia uvuvi samaki wazaliane, na huo ndio msimu wangu, maana kila mtu anashonesha nyavu zake zisubiri kufunguliwa. Adolf wa Katonga alikuwa ameniwekea wavu mzima. Recho aliponiona akaita bodaboda hapohapo, akanipakia katikati yeye nyuma, tukaenda kliniki ya meno. Kabla sijaingia ndani niliwaona yeye na yule daktari wamesimama mlangoni wananong'ona. Recho anaeleza kwa mikono. Daktari anatikisa kichwa. Walipogundua nawatazama, wakanyamaza wote wawili.

Hilo nililikumbuka vizuri sana nilipokuwa chini ya ule mpira.

Alipomaliza, akaziba tundu kwa kitu cheupe kama chokaa, akatoa mpira.

"Mzee Vedasto, pole. Mzizi wa jino ulikuwa umeoza ndani, nimeusafisha. Nimeweka dawa na kizibo cha muda. Wiki ijayo unarudi niusafishe tena, nikiridhika ndipo nitaziba moja kwa moja."

"Umeusafisha kwa kitu gani?"

"Kwa dawa ya kusafishia mizizi."

"Ina jina?"

Akataja jina refu la Kizungu. Nikamwambia jina hilo mimi silijui, ila harufu yake naijua. Akacheka kidogo, akaangalia saa. Nje kulikuwa na foleni. "Harufu utaizoea, mzee. Usilitumie jino hilo kuuma kitu chochote mpaka urudi. Hata mkate."

"Na uzi?"

"Uzi gani tena?"

Recho akadakia. "Huyo anavuta nyavu kwa meno, daktari."

"Basi uzi ndiyo kabisa usiguse," akasema, na wakatazamana.

Nikaona. Nikaona waziwazi.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya duka moja hapo Gungu, naangalia watu. Akaja muuguzi wa kliniki ile, Veneranda, mama mmoja mnene mpole, ndiye aliyenishikia bomba la kunyonya mate. Hakuniona. Akanunua chupa za jiki, akazitia kwenye mfuko mweusi, akaondoka.

"Yule si wa kwenye meno?" nikamuuliza mwenye duka.

"Ndiye. Hanikosi."

"Wanafua nini pale kila mara?"

"Mzee wangu, mimi nauza. Nikiuliza kila mtu anachofulia nitafunga duka."

Nikanunua na mimi chupa, ile ndogo kuliko zote. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikafungua kizibo, nikavuta pumzi. Ilikuwa ileile. Macho yakanitoka machozi, na pale nyuma ya ukuta nikaunganisha mambo kama mtu anayeunganisha matundu ya wavu. Recho anataka nikae. Nakaa nikikosa kazi. Kazi ni jino. Jino kuling'oa nitagoma, basi wanaliosha kidogokidogo kwa jiki mpaka life lenyewe, lianguke, na mimi niseme ni uzee. Hata yule daktari alivyosukuma kwa kuogopa, sasa nikamwelewa. Mtu akimtilia mwenzake sumu mkono haumtulii.

Nikaimwaga ile jiki mferejini. Chupa nikaiacha na kizibo chake.

Kesho yake nikaenda Katonga. Mwalo ulikuwa kimya, mitumbwi imepinduliwa mchangani, kinamama waliozoea kuanika dagaa wamekaa wanasukana. Wavu wa Adolf ulikuwa umetundikwa kwenye miti, matundu yake makubwa mbuzi anapita.

"Fundi, mbona shavu limekaa upande?" Adolf akaniuliza. Ni mtu mwenye mitumbwi kadhaa na mdomo mmoja mkubwa kuliko yote. "Umekula mshahara wa mwezi mzima umeuficha hapo?"

"Nilikuwa kwa daktari wa meno."

"Basi tumekwisha. Wakishakuanza hao, huondoka na meno yako yote. Shangazi yangu alikwenda na moja linauma, leo anakula uji."

Maneno ya Adolf si ya kushika, mtu mzima najua. Lakini yalinikuta mahali ambapo tayari palikuwa na kidonda. Nikafuma kwa mikono mpaka mchana, na kila nikigeuka kukagua mafundo, yale ya mwanzo yamelegea. Ulimi wangu hauachi kwenda nyuma ya jino, kwenye kile kizibo. Wameweka nini humo? Alisema dawa. Dawa gani, na kwa nini iwe ya siri, imezibiwa ndani nisiione?

Nikachukua kijiti changu cha kufumia, cha mti mgumu, ncha nimeichonga mwenyewe. Nikageukia ziwani watu wasinione. Nikachokoa. Kizibo kilitoka vipande vipande, chenye ladha ya chokaa, kisha kikatoka kijipamba kidogo kama punje ya mtama. Nikakinusa. Kilinuka hospitali. Nikakitupa majini, nikasukutua kwa maji ya ziwa, nikajiona nimejikomboa.

Mchana wote uliobaki nilikaza mafundo kama zamani. Tk. Tk. Adolf akapita akasema, "Sasa hiyo ndiyo sauti tunayoilipia." Uzi wa wavu uliolala ghalani una mavi ya panya, una magamba ya samaki wa mwezi uliopita, una matope. Wote ulipita pale mbele, kwenye tundu lililo wazi. Hilo sikuliwaza. Nilikuwa nawaza ya binadamu.

Siku ya tatu baada ya hapo niliamka mdomo wa juu umefika puani na jicho la kushoto linaona nusu. Nilitaka kuondoka kabla Recho hajatoka chumbani, lakini alikuwa jikoni tayari, anakoroga uji. Akanitazama, akaweka mwiko chini.

"Fungua mdomo."

"Shikamoo huna?"

"Shikamoo. Fungua mdomo."

Nikafungua. Akachungulia kwa tochi ya simu, akaizima.

"Kizibo kiko wapi, baba?"

"Nimekitoa."

"Umekitoa na nini?"

"Na kijiti changu. Na usinifokee, maana najua mlivyopatana."

"Nani na nani?"

"Wewe na daktari wako wa Moshi. Mnaniosha jino kwa jiki ili life. Muuguzi wenu nimemwona kwa macho yangu ananunua dukani. Na pale mlangoni mlinong'ona, niliwaona. Sema hukunong'ona."

Nilitegemea acheke au alie. Alivuta kigoda akakaa, uji ukaanza kuungua na hakuujali.

"Nilinong'ona," akasema.

"Unaona."

"Nilimwambia aling'oe. Nilimwambia huyu baba yangu amezeeka, ana kifua, na jino hilo likipona atavuka kwenda Kalemie, atafia kwenye boti ya watu, na mimi nitapigiwa simu na mtu nisiyemjua aniulize huyu mzee ni wa nani. Kama alivyokufa mama, wewe uko Kirando unashona, nikazika peke yangu. Nilimwambia ling'oe tu, mwambie limeoza, hatajua."

Mtu akishuku muda mrefu hujiandaa kwa uongo. Ukweli hukujia huna hata mahali pa kuuweka.

"Na yeye akasemaje?"

"Akaniuliza, mwenyewe ametaka ling'olewe? Nikasema mwenyewe hajui kinachomfaa. Akasema, basi siling'oi, jino linaosheka hili. Nikambembeleza akatikisa kichwa. Ndicho ulichokiona pale." Akainuka, akaondoa sufuria motoni. "Anayekutakia baya hapa ni mimi, data. Yule msichana amesimama upande wako, na wewe umekwenda kumharibia kazi yake kwa kijiti cha nyavu."

Ananiita data, yaani baba kwa Kiha, akiwa na hasira au akiwa na uchungu. Siku ile sikujua ni kipi.

Nikawaza kuwa wizi niliusikia kweli, ila nilikwenda kumkamata jirani asiye na kosa. Hata hivyo, sikuwa nimemaliza. Harufu bado ilikuwepo. Ukweli wa Recho hauondoi jiki kwenye chupa.

Nikaenda peke yangu, kwa miguu. Daktari Sia aliponiona hakuuliza mengi. Aliangalia tundu, akaangalia uvimbe, akashusha pumzi.

"Tunaanza upya, mzee. Na sasa sijui kama litakubali. Likishindikana safari hii, nitaling'oa kweli."

"Kabla ya kuanza, lete hiyo chupa yako niinuse."

Veneranda akaguna. "Mzee, hapa si kwenye pombe, kwamba unaonja kwanza."

"Mpe," daktari akasema.

Ilikuwa chupa ya kahawia, ina karatasi ya maandishi. Nikanusa. "Hii ni jiki."

"Ni ndugu yake," akasema bila kuona haya. "Kiini ni kilekile. Ile anayonunua dada Veneranda ni ya sakafu na masinki. Hii imepimwa nguvu yake kwa ajili ya meno."

"Kwa hiyo ni kweli unanitia jiki."

"Ni kweli. Ndani ya mzizi kuna nyama iliyokufa, mzee, na kuna vijidudu. Mzizi una vichochoro, kisindano hakifiki kote. Hii inafika, inayeyusha ile nyama, inaua vile vijidudu."

"Basi jitie wewe kwanza kidogo kwenye ulimi. Nikuone."

"Sijitii. Inaunguza. Ule mpira nakufunika kwa sababu hiyo, isiguse mdomo. Na nasukuma polepole kwa sababu nikiilazimisha ikatokea upande wa pili wa mzizi, uso wako utavimba kuliko sasa, na utalia. Ndiyo maana napima kila mara, nijue mwisho uko wapi."

Nikakaa nikimtazama. Mtu wa kunidanganya angesema haina neno, angelamba tone moja akatabasamu. Huyu ananiambia inaunguza, na kwamba yeye mwenyewe anaiogopa. Mimi nimevuka ziwa hili na manahodha wengi. Anayesema leo ziwa ni salama kabisa, huyo sipandi naye.

"Nataka kuona," nikasema.

Akampa Veneranda kioo kikubwa anishikie juu ya kifua, na yeye akaweka kile kioo chake kidogo cha mpini nyuma ya jino. Mpira ukaja, ganzi ikaja. Alipochokonoa ndani, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa usaha na damu, na baada yake kijiuzi cha bluu, kifupi kama unyoya wa kope. Alikishika kwa kibano akakiinua kwenye taa.

"Hiki sijakiweka mimi," akasema.

Nailoni. Ya Adolf. Nikafumba macho, nikafumbua tena maana nilisema nataka kuona.

Akaosha. Dawa ya kwanza ilitoka na povu chafu, rangi ya maji ya kunawia mtu aliyetoka shambani. Bomba la kunyonya likaibeba. Akachokonoa, akapima, akaosha. Ikatoka hivyohivyo. Nikamwona paji lake limelowa. Veneranda akabadilisha mkono wa kushika kioo. Watu wa foleni wakasikika nje wakilalamika, na hakuna aliyewajibu. Harufu ikanijaa kichwani, nikaiona mikeka ya kambini, na mara ya kwanza nikakumbuka kitu kingine cha kambi ile: kwamba baada ya dawa kupuliziwa, kifo kilipungua. Sikuwahi kulikumbuka hilo. Nilikuwa nabakiza mikeka tu.

Aliendelea mpaka povu likawa jeupe, kisha povu likaisha, maji yakatuama kwenye tundu lile dogo, yametulia, unaona mpaka chini.

"Sasa tungoje," akasema. "Likae na dawa. Safari hii kijiti ukiache nyumbani."

Nilikiacha. Nililala kwenye chumba cha rangi ya maziwa, mama Recho ananitazama kutoka ukutani, wiki nzima na zaidi. Uvimbe ulishuka. Niliporudi akanusa yeye safari hii, akaosha mara moja nyingine, maji yakatoka safi tangu mwanzo, akaziba moja kwa moja.

"Limebaki," akasema, akavua glavu. "Lakini sikiliza, mzee. Jino lililokufa ndani hukauka kama kuni. Kula nalo, cheka nalo. Uzi usivute tena. Ukivuta litavunjika usawa wa fizi, na hapo mimi sina la kuosha."

Nilimtazama Recho aliyesimama mlangoni. Naye alikuwa ananitazama mimi, na niliona kabisa hofu yake, kwamba nitasema mmepatana tena. Neno lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Tangu siku ya kwanza ulijua litakauka hivi?" nikamuuliza daktari.

"Nilijua."

"Na bado ukaliosha."

"Ni jino lako."

Siku chache kabla ziwa kufunguliwa, nilikuwa Katonga na wavu wa Adolf. Nilifunga fundo, uzi ukaja mdomoni wenyewe, kwa mazoea, ukagusa mdomo. Nikaushika hapo. Adolf alikuwa ameegemea mtumbwi, anasubiri ile sauti.

Nikaushusha uzi. Nikavua kiatu cha kulia, nikakaa chini mchangani, nikazungusha uzi kwenye kidole gumba cha mguu, nikanyoosha goti. Fundo likakaza. Halikulia. Nikalijaribu kwa kucha, halikusogea.

"Hee," Adolf akasema. "Fundi wa Kalemie amehamia Ilagala."

"Njoo ulifungue kama ni la Ilagala."

Akaja, akainama, akahangaika nalo, akaliacha, akaenda zake. Kazi ni ya polepole. Kiuno kinauma, na unga wa mchanga unaingia kila mahali. Sidhani kama Kalemie wataningoja kwa mwendo huu.

Jua lilipopinda Recho akaja na chakula kwenye hotipoti. Akaniona nimekaa chini, mguu mmoja hauna kiatu, nyuzi za bluu zimenizunguka. Akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Na hicho kidole nacho kikivimba?"

"Kikivimba usinong'one na mtu mlangoni," nikamwambia. "Sema mbele yangu."

Akakaa mchangani pembeni yangu, akafunua hotipoti. Ilikuwa samaki mkavu, mgebuka, na ugali. Nikanusa kwanza. Yeye akaona ninavyonusa, akachukua kipande kwa mkono wake, akala mbele yangu bila kusema kitu, kisha akasukuma hotipoti upande wangu.